Kipande Namba Kumi na Nne

Tulimzika Mama Regina mwezi uliopita, uani kwake, na neno la majirani nililitoa mimi. Hakuna aliyeuliza nani atalitoa. Hapa Viwanja Vipya, Karatu, tangu tuanze kuitwa mtaa, neno la majirani ni langu, na sioni aibu kusema kwamba nalitoa vizuri kuliko wengi. Nilisema marehemu alikuwa mwanamke wa kazi. Nilisema alikuwa mmoja wa waasisi wa Umoja wetu wa Wenye Nyumba, na kwamba maji tunayokunywa leo yamepita kwenye jasho lake. Watu walitikisa vichwa, padri naye akatikisa, na binti yake Regina, ambaye siku hizi ni muuguzi kule Mbulu na ana watoto wakubwa, alikuja kunishika mikono yote miwili akasema, "Asante, Injinia. Mama alikuwa anakuheshimu sana." Tulipofika nyumbani mke wangu alivua kitenge chake cha msibani, akakikunja taratibu, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akasema, "Umezungumza vizuri, Baba Eliya. Ila jicho hukulitaja." Akaingia jikoni. Nilikuwa nimepanga kuanza kumbukumbu hizi na mambo niliyofanikiwa, ambayo si machache. Imebidi nianze na hili.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata mvua za El Niño. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimerudi kutoka Botswana nilikofanya kazi za barabara miaka saba, na nilirudi na vitu ambavyo Karatu ya wakati ule haikuwa navyo kwa wingi: pikapu yangu mwenyewe, seti ya makochi ya ngozi, na stashahada ya ufundi sanifu wa ujenzi niliyoisomea kwa fedha zangu, jioni jioni, baada ya kushinda juani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza Viwanja Vipya kuwa na choo cha ndani, ingawa maji ya kukisafishia yalibebwa kwa ndoo. Stashahada niliitundika sebuleni juu ya redio, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mgeni aliyeketi kwenye kochi kubwa hakuwa na pengine pa kutazama. Majirani wakaanza kuniita Injinia. Fundi sanifu na injinia si kitu kimoja, na hilo mimi nililijua kuliko wao, lakini sikumsahihisha mtu. Leo nikilifikiria naona uongo wangu wa kwanza katika mtaa huu ulikuwa huo, mdogo, wa kukaa kimya huku naitwa jina zuri. Mtu akishazoea kukaa kimya kwa faida, kimya hakimpi shida tena.

Tulikuwa nyumba thelathini na mbili, na wote tulikunywa maji ya kununua au ya korongoni. Kisha mradi mmoja ukatuletea mabomba. Juu, ambako mashamba ya kahawa yanakaribia msitu wa Ngorongoro, tenki lilikuwa limeshajengwa. Kilichobaki ni mtaro wa kuteremsha bomba kutoka tenki hadi kwetu, na mtaro huo tuliambiwa tuuchimbe wenyewe. Ukiwa tayari kabla ya Pasaka, bomba linalazwa. Usipokuwa tayari, mabomba yanapakiwa kwenye lori na kupelekwa kijiji kingine kinachoyasubiri. Tukaanza kwa msaragambo, kama watu wa huku walivyozoea: siku ya kazi wote mnapanda pamoja, mnajipanga mstari mmoja, mnachimba, na nyumba yenye zamu inapika makande au ugali na maziwa ya mgando. Hakuna anayepimiwa. Mwenye nguvu anakwenda mbele, mzee anafuata nyuma akisawazisha udongo. Nilikwenda siku mbili nikarudi nimekasirika. Niliona watu wakiimba zaidi kuliko kuchimba. Niliona pia kwamba nusu ya wenye nyumba, hasa wafanyabiashara waliotoka Kilimanjaro na Arusha, hawakuja wenyewe. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mangi, alituma mfuko wa sukari ya chai.

Mkutano uliofuata ulifanyika sebuleni kwangu kwa kuwa nilikuwa na viti. Mzee Tarmo, dereva mstaafu wa magari ya watalii, Mwiraqw mwembamba aliyependa kusema huku anaangalia dari, ndiye aliyewasha moto. "Wenzetu wanaleta sukari," alisema, "sisi tunaleta migongo." Mangi akamjibu bila kuinuka, "Chai hiyo ulikunywa vikombe vitatu, Mzee. Mgongo uliuweka wapi wakati huo?" Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na pande mbili, na kila upande ulicheka kwa lugha yake. Yakaanza maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni. Ndipo niliposimama. Nilieleza jinsi tulivyofanya kazi Botswana: kila kikosi na kipande chake, vigingi vyenye namba, na hakuna anayejificha nyuma ya jasho la mwenzake. Mtaro wote ugawanywe vipande thelathini na viwili, hatua arobaini kwa kila nyumba, na majina ya ambao hawajamaliza yaandikwe kwenye ubao dukani kwa Mangi. Nikaongeza sheria moja: hakuna kuingia kipande cha mwenzako, hata kwa wema, kwa sababu wema ndio uliotufikisha kwenye ugomvi. Kisha mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na mlango, kwenye kigoda cha jikoni kwa kuwa hakutaka kuchafua kochi, akainua mkono. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga tofali kwa tofali kwa kazi ya kufunga lanchi boksi za watalii katika kambi moja. "Tumsikilize huyu msomi," alisema. "Kwa kelele tumeshajaribu, na kelele hazijachimba." Huyo ndiye Mama Regina. Baada yake waliniunga mkono wote.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa misani, nilipanda kupima. Mke wangu alishika ncha ya futi kamba, mimi nikabeba mtaimbo na kigudulia cha rangi nyeupe. Kila kipande nilikipiga mtaimbo mahali patatu kujua udongo ukoje, na udongo wa Karatu ni mwekundu na laini, mtaimbo unazama kama kwenye ugali. Hadi kipande cha kumi na nne. Hapo chuma kilizama shubiri moja kikagonga, kikanirudishia mtetemo mpaka begani. Nikasogea hatua tatu, kikagonga. Nikasogea tena. Jiwe lilianza karibu na kigingi cha mwanzo na kwisha karibu na kigingi cha mwisho, jeusi, la zamani, limelala chini ya majani kama ng'ombe. Nilikuwa nimepanga majina kwa kufuata nyumba zilivyo, na kumi na nne ilikuwa yangu. Mke wangu alijua. "Hapa pako pana kazi," alisema, akacheka kidogo kwa kunihurumia. Mchana huo, mezani, nilinakili orodha upya kwa mwandiko wangu mzuri wa michoro. Alipoleta chai alisimama nyuma yangu. "Si ulikuwa kumi na nne?" Nikamwambia mimi nina kazi ya kusimamia watu wote, siwezi kufungwa kwenye jiwe moja huku mtaro mzima unanisubiri. "Na Mama Regina ataweza?" Nikamwambia orodha hiyo ni rasimu tu. Haikuwa rasimu. Ilibandikwa kesho yake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini yeye. Ni kweli nyumba yake ilifuata yangu kwenye orodha, kwa hiyo kubadilishana kulikuwa rahisi, lakini kwa upande wa pili nilipakana na Mangi, aliyekuwa kumi na tatu, na mkono wangu haukwenda huko. Mangi angepiga kelele. Angemleta Mzee Tarmo na mtaimbo wake, wangepima vipande vyote, na wangeuliza kama Injinia alipima kabla ya kugawa au baada. Mama Regina nilijua hataniuliza. Alikuwa amesimama mbele ya watu na kusema nisikilizwe, na mtu aliyekusimamia namna hiyo huona haya kuwa wa kwanza kukutilia shaka. Ndivyo nilivyofikiri, kwa utulivu kabisa, nikichovya kalamu. Imani yake kwangu niliihesabu kama sehemu laini ya ardhi.

Mpango wangu ulifanya kazi, na hili nitalisema hata leo. Wiki ya kwanza mtaa ulibadilika. Mangi alifunga duka mchana akapanda na sururu mpya, na alichimba vizuri hata Mzee Tarmo akampitia kumtazama. "Kumbe mgongo unao," alimwambia. "Ulikuwa kwenye sukari," Mangi akajibu. Walimaliza vipande vyao pamoja, siku moja. Watu walitaniana kutoka mtaro hadi mtaro, walikopeshana sururu, wanawake walishindana kwa kingo zilizonyooka. Mimi nilimaliza kipande namba kumi na tano kwa siku nne, peke yangu, na nikatembea juu na chini na kofia yangu ya kazi nikikagua kina. Pembeni ya kipande changu alikuwa Mama Regina, amepiga magoti, anakwangua udongo juu ya kitu cheusi kwa jembe lililovunjika ncha.

Alikuja nyumbani jioni ya siku ya tatu. Tulikuwa tunakula wali na kuku, na mke wangu alimkaribisha, lakini alibaki kizingitini kwa sababu miguu yake ilikuwa na udongo. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Kwa desturi ilinipasa nimwamkie. Sikumwamkia. "Injinia," alisema, "kipande changu kina jiwe." Nikamjibu kwamba kila kipande kina mawe, mama. "Si mawe," alisema. "Ni jiwe. Moja." Nikamwambia nitakuja kuangalia, nikamaliza paja la kuku. Nilikwenda baada ya siku nne. Nilichukua mtaimbo wangu, nikapiga mahali palepale nilipopiga ile Jumapili, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeshangaa. Nikamshauri alichome moto kisha alimwagie maji lipasuke, kama wazee walivyofanya. "Nimeshaanza," alisema, akanionyesha majivu. Kisha akanipa yai la kuchemsha kutoka kwenye mfuko wa kambi, akisema mimi natembea juani siku nzima nawahangaikia watu. Nililila palepale, nimesimama juu ya jiwe.

Kuanzia hapo, kila alasiri, kutoka dirisha la sebule yetu ulionekana moshi mlimani. Alitoka kambini saa nane, akapanda na mzigo wa kuni na dumu la maji ya kununua, akawasha, akasubiri, akamwaga. Jiwe lilitoa vipande vya ukubwa wa sahani. Mke wangu aliacha kuketi upande wa meza unaotazama dirisha. Mzee Tarmo alinijia akasema amemaliza chake na mikono inamwasha, anataka kwenda kumsaidia yule mama. Nikamkumbusha sheria. Nikamwambia tukianza kusaidiana tutarudi kulekule kwa nani kaja na nani hakuja. Alitazama dari, akatazama stashahada, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Katika ubao wa dukani majina yalizidi kufutwa: kumi, sita, matatu. Wiki iliyotangulia wiki takatifu lilibaki jina moja, kwa chaki, kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku moja nilikwenda kununua mkate, nikasimama kando ya dirisha la duka kwa sababu nilisikia wanazungumza barazani. Mwanamke mmoja alisema, "Mabomba yetu yatapakiwa kwenye lori kwa ajili ya mtu mmoja." Mwingine akasema huyo mama ni mvivu tangu zamani, mbona jirani zake wote wamemaliza, hata Injinia mwenye kazi nyingi amemaliza kwa siku nne. Wa tatu akasema labda anangoja achimbiwe, wajane ndivyo walivyo. Nilikuwa na mkate mkononi. Ningeweza kuingia pale barazani na kusema maneno matano tu: kipande kile kilikuwa changu mimi. Nililipia mkate nikaondoka kwa mlango wa nyuma.

Kamati yetu ndogo ya mtaro ilikaa kwangu Jumatano. Pendekezo lilikuwa kwamba kipande chake kikamilishwe na vibarua, na yeye, kwa kuwa hakuchimba, asiunganishiwe maji. Nyumba thelathini na moja zipate bomba, ya thelathini na mbili iendelee na ndoo. Mzee Tarmo peke yake alikataa, lakini hakuwa na hoja, alikataa tu. Mangi aliniuliza, "Sheria yako inasemaje?" Nikajifanya kufikiri. Nikasema tumpe hadi Jumamosi, akishindwa ndipo tupige kura. Waliniona mwenye huruma. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona hivyo. Mke wangu alipokuwa anakusanya vikombe aliniuliza, wote wameshaondoka, "Na wewe hujasema?" Nikamwuliza niseme nini. Hakurudia swali, na hajalirudia miaka yote hii, hadi usiku ule wa msiba aliponikumbusha jicho.

Ujumbe wa Jumamosi nilimpelekea mwenyewe. Alisema sawa. Ijumaa hakwenda kambini. Aliwasha moto asubuhi, na jiwe likiwa bado na joto, bila kulisubiri, alishika nyundo akaanza kuligonga. Kipande kimoja kidogo kiliruka. Habari iliponifikia nilikuwa chini na pikapu, nikapandisha hadi barabara inapoishia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, khanga imebanwa usoni, damu imefika kiwikoni, hapigi kelele. Nilimpeleka hospitali kwa mwendo wa haraka na njia nzima aliinamia upande wake ili asichafue kiti. Tulipokaribia lango alisema, "Jumamosi sitafika, Injinia. Nisamehe." Nilisimamisha gari. Nilimgeukia. Maneno yalikuwa yamefika hapa, kwenye meno. Akaja mhudumu akafungua mlango wa upande wake, akamshika mkono, na mimi nikaegesha gari vizuri kivulini. Jicho la kushoto halikuokolewa.

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda kupima kazi iliyobaki ili nitoe taarifa kwenye kura. Nikamkuta Mzee Tarmo tayari yumo ndani ya kumi na nne na nyundo ya mawe. Nilianza kusema neno. "Sheria yako nimeiacha nyumbani, Injinia," alisema bila kuniangalia. "Imelala." Baada yake akaja Mangi, duka limefungwa Jumamosi, siku ya wateja, amevua shati. Wakaja wanawake wa barazani, wale wale, na kuni vichwani. Hakuna aliyewaita. Walichoma jiwe kwa zamu, wakaligonga kwa zamu, Wachaga na Wairaqw na yule Mmeru mwenye mashine ya kusaga, na ugali ukapikwa palepale mlimani. Nilichukua nyundo nami. Nilifanya kazi siku tatu kama mwendawazimu, viganja vikachubuka, na watu wakasema tazameni, hata Injinia. Jumatatu ya wiki takatifu jiwe lilikwisha. Bomba likalazwa.

Siku hizi wageni wa miradi wakija kuuliza tulijengaje ushirikiano mtaani, huletwa kwangu. Ninawaeleza habari za vigingi na vipande, na jinsi jiwe moja lilivyotufanya kuwa watu wa nyumba moja, na wanaandika. Yote ni kweli. Majirani zangu wa wakati ule walikuwa tayari kuwa wamoja tangu mwanzo, kwa ule mstari wao wa kuimba na makande, na niliwatenganisha mimi, nikamweka mmoja peke yake juu ya jiwe langu, mpaka damu yake ikawarudisha pamoja. Kisha nikachukua sifa ya kuwaunganisha.

Mkutano wa kuchagua viongozi wa Umoja ulifanyika siku maji yalipofunguliwa, nje, karibu na bomba la kwanza, wanawake wakijaza ndoo huku wanasikiliza. Mama Regina alikuwa ametoka hospitali, bandeji nyeupe imezunguka kichwa chini ya kitambaa chake. Ilipoulizwa nani anapendekezwa kuwa mwenyekiti, ndiye aliyeinua mkono. "Mimi naona ni huyuhuyu," alisema. "Bila yeye tungekuwa bado tunagombania sukari." Watu walipiga makofi. Mzee Tarmo alipiga, Mangi alipiga. Mke wangu alikuwa anashika ndoo iliyokwisha kujaa, hakuiweka chini. Nilijua kwamba nikikataa nitaulizwa sababu, na sababu ilikuwa moja. Basi nilisimama, nikavua kofia, nikawashukuru kwa imani yao. Nilizungumza juu ya umoja kwa muda mrefu, na nilizungumza vizuri, na muda wote huo Mama Regina alikuwa amegeuza kichwa upande, ili anione kwa lile jicho lililobaki.